Mchoro wa Chumba Alicholala Kabula

Jumapili, saa nane mchana. Mvua imetususa, jua la Geita linachoma kama lina kisasi na mtu, na vumbi la makarasha limesimama hewani halitaki kushuka.

Sasa sikia, shajara yangu. Hakuna mtu mwenye bahati kunizidi mimi katika mkoa huu mzima. Duara, yaani shimo la dhahabu, limeporomoka mara mbili nikiwa mchimbaji wake, na mara zote mbili nilikuwa nimetoka nje kwenda kukojoa. Nimefika Mererani, nimefika Chunya, nimefika Lubumbashi, hata Dubai nimefika, ingawa Dubai niliishia uwanja wa ndege na nikarudishwa na ndege ileile. Shule niliiacha darasa la sita, na mwalimu mkuu alitoa machozi. Mpaka leo sijajua kama yalikuwa ya huzuni. Nina karasha langu mwenyewe la kusagia mawe. Nina mke anayejua kunyamaza. Na kubwa kuliko yote, Mungu alinipa watoto wanne, na wote wanne wanapumua kama mashine mpya.

Hayo niliyasema jana jukwaani, neno kwa neno, mbele ya ukumbi uliojaa. Watu walicheka mpaka mgeni rasmi akavua miwani akafuta macho.

Leo nyumbani kwangu hajacheka mtu.

Jana nilikuwa Shinyanga mjini, kwenye sherehe ya kumuaga na kumtunuku Daktari Shirin. Wazazi wa huku machimboni hatumwiti hivyo. Tunamwita Mama Kifua. Ni binti wa Mhindi aliyekuwa akiuza vitambaa pale mjini, amezaliwa hapohapo, na Kisukuma chake kinanishinda mimi mwenye kabila. Maisha yake yote ya kazi ametibu vifua vya watoto. Si miguu, si matumbo, vifua tu. Watoto wa pumu, wa kifua kikuu, wa nimonia, na hawa wetu wa vumbi ambao hata yeye ilimchukua muda kuwajua. Wenzake aliosoma nao wako Ulaya huko, wanatibu watu wenye bima. Yeye alibaki na sisi, watu ambao tukifika hospitali tunaacha alama ya viatu sakafuni.

Kwa hiyo jana akapewa tuzo yake. Ngao ya kioo, kitenge cha heshima, na mtamba mwekundu aliyefungwa nje ya ukumbi na aliyekuwa akilia kila mgeni rasmi alipofungua mdomo. Nikamwambia jirani yangu wa kiti, "Huyo ng'ombe ndiye pekee aliyeisoma hotuba kabla." Akacheka hadi akakohoa.

Jirani yangu wa kiti alikuwa Mama Shija. Nitamrudia huyu mama. Lazima nimrudie.

Kwanza niandike jinsi Mama Kifua anavyofanya kazi, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Ukimpelekea mtoto anayekohoa, hakuulizi kwanza ameanza lini. Anakuuliza, "Analala wapi?" Ukianza kueleza anakukatisha, anakupa karatasi na kalamu. "Nichoree."

Mzazi akiulizwa kwa mdomo, anasema mambo mazuri. Akishika kalamu anasahau kujipamba. Kuna mama mmoja alichora kitanda cha mtoto, halafu miguuni pa kitanda akachora jiko la mkaa, bila kufikiri, kwa sababu jiko hukaa hapo kila siku. Mama Kifua akaligonga jiko kwa kidole. "Hili litoke nje leo." Yule mtoto sasa ni konda wa basi la Kahama na sauti yake inasikika mpaka stendi nyingine. Baba mwingine alichora mbuzi watatu chumbani. Watu wanacheka, lakini mtoto alipona.

Michoro hiyo yote ameitunza. Jana walikuwa wameitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, kutoka ukuta hadi ukuta. Mamia ya vyumba vya watoto. Mistari imepinda, vitanda vina miguu mitatu, madirisha yako juu ya paa. Niliingia ukumbini nikiwa na koti langu la Lubumbashi, nikinukia manukato, nikisalimia watu kama mgombea ubunge. Halafu nikauona wa kwangu.

Mkono wangu naujua. Kitanda. Chandarua. Dirisha. Hata kalenda ya ukutani nilichora, kwa sifa.

Chini ya kitanda hakuna kitu. Nyeupe.

Hapa ndipo kalamu inapotaka kunikimbia, lakini leo nimeishika.

Kabula ni mtoto wangu wa kwanza. Alipoanza kukohoa alikuwa na miaka mitano. Wakati huo sikuwa na karasha, nilikuwa mchimbaji wa kugawana. Ukishasaga mawe na kuosha dhahabu, unabaki unga laini unaoitwa marudio, na ndani yake bado kuna dhahabu kidogo. Unaukausha, unaujaza kwenye viroba, unasubiri upate mzigo wa kutosha kupeleka kwa wenye mitambo ya dawa ya kutoa dhahabu iliyobaki. Na wakati unasubiri, unaulinda. Huku kwetu mtu anaweza kukuibia marudio na akakuachia kuku.

Sasa sikia tulivyokuwa tukilinda. Unapanga viroba chumbani, unatandika godoro juu yake, unamlaza mtoto hapo. Mwizi hawezi kuvitoa bila kumnyanyua mtoto, na mtoto akinyanyuliwa lazima alie. Hakuna kufuli la kuzidi hilo. Kila mtu alifanya hivyo, na aliyebuni tulimwona ana akili. Na jambo jingine: hakuna mchimbaji anayesema mzigo wake uko wapi. Si kwa rafiki, si kwa mchungaji, si kwa daktari. Tulifundishwa hivyo tangu siku ya kwanza ya kushika nyundo.

Kitanda nilichomchorea Mama Kifua hakikuwepo. Kabula hakuwa na kitanda. Alikuwa akilala juu ya viroba sita vya marudio, na kila akijigeuza, unga ulikuwa ukipumua kutoka kwenye nyuzi za viroba. Asubuhi kope zake zilikuwa nyeupe. Tulimtania. Tulimwita bibi.

Mama Kifua aliushika ule mchoro wangu akautazama sana. "Chumba kizuri," akasema. "Kina hewa." Akaamua ni pumu. Akatufundisha kutoboa chupa ya maji kwa waya wa moto, unachomeka dawa ya kuvuta upande mmoja, mtoto anaweka mdomo upande wa pili. Kabula aliipenda chupa ile, aliipa jina la Rozi. Haikumsaidia. Tukarudi. Akampa dawa za kifua kikuu, miezi sita, na mtoto hakuruka hata siku moja. Tukarudi tena. Siku hiyo Mama Kifua aliweka kile kifaa chake cha kusikilizia mgongoni kwa Kabula, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Akaniambia, "Baba Kabula, kuna kitu hapa nisichokiona. Nisaidie. Nyumbani kuna kitu gani?"

Nilikijua.

Nikamwambia, "Daktari, labda ni ukoo. Babu yangu alikuwa akikoroma mpaka ng'ombe wanahama zizi."

Akacheka. Mimi nina kipaji hicho, namchekesha mtu yeyote. Tukarudi Geita mimi na mtoto wangu, na jioni ile akalala palepale.

Sasa turudi ukumbini jana, maana uchafu wangu haukuishia zamani.

Mama Kifua alipopewa kipaza sauti, aliwaomba watu wasipige makofi kwanza. Ni mwembamba siku hizi, mvi zimemkaa vizuri. Alisema kwamba wapo watoto aliowakosa, na kwamba majina yao anayajua kuliko ya waliopona. Hata mtamba nje akaacha kulia. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Baba Kabula, simama wakuone."

Nikasimama na koti langu.

"Mtoto wa huyu bwana alinishinda," akasema. "Nilitumia kila nilichonacho. Nilikuwa nimekata tamaa, nikampigia simu baba yake, akaniambia amepona, anacheza. Sijawahi kujua kilichomponya. Tangu hapo madaktari vijana nawafundisha kwa mfano wa Kabula: usipoona sababu, endelea na dawa, mtoto anaweza kukushangaza."

Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi. Kijana mmoja mwenye koti jeupe, ambaye anachukua nafasi yake, alikuwa akiandika.

Nilipanda jukwaani, nikatoa ile hotuba ya bahati, duara na mkojo, Dubai na uwanja wa ndege, watoto wanne. Nilikuwa hodari. Sijawahi kuwa hodari vile. Nilikuwa nikijisikia nikiongea, kama mtu aliyekaa nje ya nyumba anasikiliza ugomvi wa ndani.

Baada ya hapo ikawa chai. Na hapa anaingia Mama Shija.

Ni mama aliyehamia huku kwetu mwaka juzi tu, analeta mawe ya kusaga kwenye karasha langu kila wiki. Mwanaye Shija ana miaka mitatu, na alikuwa mgongoni mwake ukumbini, amefungwa kanga, akipumua kwa mlio ninaoujua. Mlio ule ni kama mtu anayeburuta kiti taratibu chumba cha pili. Alipata lifti ya kuja Shinyanga kwa sababu ya sherehe, akaona amwonyeshe mtoto hapohapo. Yule daktari kijana, kwa kufuata desturi ya mwalimu wake, akampa karatasi na kalamu. "Mama, nichoree anapolala."

Mama Shija akaja nayo kwangu. Kwa nini kwangu? Kwa sababu mimi ndiye baba wa Kabula. Mimi ndiye muujiza.

"Baba Kabula, hivi na viroba navyo vinachorwa?"

Aliuliza kwa sauti ya chini. Aliniuliza mimi, mtu mmoja katika dunia nzima anayejua jibu.

Nikamwambia, "Ukichora viroba, mama, chora kabisa na ramani ya wezi, na jina la mbwa."

Akacheka. Akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika, Shija akatikisika naye mgongoni. Akachora kitanda. Akachora dirisha. Nikamwona akimkabidhi yule daktari kijana karatasi yenye chumba kizuri, chenye hewa.

Sikunyanyuka. Nilikuwa na sambusa mkononi.

Nataka niseme nilishikwa na bumbuwazi, au kelele zilikuwa nyingi. Hapana. Mdomo wangu ulifanya kile ambacho umezoea kufanya miaka minane. Ukiona jambo zito, unalitilia mzaha mpaka lipite. Ndiyo elimu yangu pekee niliyohitimu.

Wakati wa kuondoka Mama Kifua alikuwa akirudisha michoro kwa wazazi, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mbona mtoto hukuja naye? Ulisema utamleta."

"Ana mitihani, daktari."

"Yuko kidato gani sasa?"

"Cha pili. Bweni, huko Kahama."

Nilijibu haraka hivyo. Nina majibu yake yote, shajara. Najua bweni lake, najua masomo anayoyapenda, najua kwamba hesabu zinamsumbua. Miaka minane nimemlea mtoto kwa mdomo.

Akanipa mchoro. "Mpelekee. Mwambie sasa nimestaafu, nina nafasi, aje anisalimie. Nataka nikisikilize kile kifua mara moja tu. Nimsikie anavyopumua." Akaweka mkono kwenye bega langu. "Wabeja, asante sana, Baba Kabula. Siku nilizotaka kuacha kazi hii, nilikuwa nikimkumbuka yeye."

Bora angenipiga kofi.

Nilifika nyumbani jana magharibi. Mke wangu hakuniuliza habari za sherehe. Alikuwa amekataa kwenda, na sababu hakusema, na mimi sikuuliza. Nikaweka mchoro mezani nikalala na koti.

Leo asubuhi nilipoamka alikuwa ameshavaa nguo za kanisani, amekaa mezani, ameushika mchoro. Watoto walikuwa nje wanamsubiri. Nikajua atalia, nikaanza kutafuta utani wa kumtuliza, na haki ya nani nilikuwa karibu kuupata. Hakulia. Alichukua kalamu ya mdogo wao, akaichora ile sehemu nyeupe chini ya kitanda. Kiroba kimoja. Cha pili. Alichora vyote sita, polepole, na kila kimoja akakifunga mdomo kwa kamba. Kisha akakikata kitanda kwa mstari mmoja. Juu ya viroba akachora mtu mdogo amelala ubavu, amekunja miguu, kama Kabula alivyokuwa akilala.

Akanisogezea.

"Ulikuwa hujamaliza," akasema.

Halafu akaenda kanisani na watoto. Mpaka sasa, saa nane, hawajarudi, na ibada huisha saa sita. Sijui kama amekwenda kwa dada yake. Sijui kama atarudi leo. Mke niliyemsifia kwa kunyamaza, kumbe alikuwa ameshikilia pumzi miaka yote hii.

Nimeutazama huo mchoro tangu asubuhi. Karasha nimelizima, nimewaambia vijana mkanda umekatika. Ukimya wake unaniumiza masikio.

Nilimpigia Mama Shija. Simu iliita, akapokea, nikasikia Shija akikohoa nyuma yake. "Baba Kabula, habari za safari? Yule daktari ametupa dawa ya kuvuta, na nimetengeneza chupa, mtoto ameipenda!" Ana furaha. Nikamwambia nilikuwa namsalimia tu. Nikakata.

Nimegundua kwa nini nilikata. Nikimwambia atoe viroba chumbani, ataniuliza, "Kwani wewe ulitoa lini?" Siwezi kujibu hilo bila kusema mengine. Siwezi kumwokoa Shija nikiwa bado baba wa msichana wa kidato cha pili. Na Mama Kifua lazima ajue, na yule kijana mwenye koti jeupe lazima akafute alichoandika, maana anakwenda kutibu watoto wa watu kwa kufuata uongo wangu. Nitakuwa nimemnyang'anya mama wa watu tuzo yake siku moja baada ya kupewa. Nitakuwa nimemwongezea jina kwenye yale majina anayoyajua.

Hakuna njia ya kuchekesha ya kulifanya hili. Nimetafuta.

Basi naandika hapa kwanza, nione kama mkono unaweza, kisha nitavaa viatu niende kwa Mama Shija kwa miguu, kabla mtoto hajawekwa kulala.

Viroba nilivitoa chumbani wiki moja baada ya mazishi. Nilivipeleka kwenye mtambo. Dhahabu iliyotoka ilikuwa kama kichwa cha kiberiti. Niliishika kwenye kiganja, nikapuliza vumbi, na nikaogopa kuvuta pumzi.

Mama Kifua alipiga simu mwezi uleule, kuuliza mbona hatukwenda kliniki. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikajua ataniuliza mtoto alikuwa akilala wapi. Nikamwambia amepona, anacheza. Alipiga kelele za furaha, nikamsikia akiwaita manesi.

Hapo mwanzo nimeandika kwamba nina bahati, nina watoto wanne na wote wanapumua. Ni uongo. Wanapumua watatu. Kabula alikufa akiwa na miaka sita, asubuhi, juu ya viroba, na mimi ndiye niliyemlaza.